Mradi wa mashine ya sembe Makambako: tuanze sasa au Januari? Na nani awe na kauli ya mwisho?

Binti_Lyamkena aliandika:

Kamwene wakuu.

Tuko ndugu watano, tumekubaliana kujenga mashine ya kukoboa na kusaga hapa Makambako, baadaye tufungashe sembe yetu wenyewe. Kiwanja tunacho na hati ipo. Bajeti ni milioni 60: jengo 27, mashine 16, umeme 7, kununua mahindi 10. Mkononi tuna milioni 24, nyingine zitaingia kati ya Novemba na Machi.

Kaka yetu mkubwa anataka tuanze Januari, sikukuu zikiisha na watu wakishatulia, ili Julai mahindi mapya yakianza kuingia tuwe tunasaga. Mimi ndiye nimepewa kusimamia. Nimesoma kuhusu njia za kusimamia miradi nikachanganyikiwa: wengine wanasema panga kila kitu mwanzo mpaka mwisho kabla ya kugusa jembe, wengine wanasema nenda kidogo kidogo ukirekebisha njiani. Kwa mradi kama huu ipi inafaa? Na ratiba ya Januari hadi Julai inatosha?

Naomba wenye ujuzi mshuke na vitu vya kushikika.

---

Zege_Kavu alijibu:

Kamwene dada. Nianze na ratiba kwa sababu ndiyo itakayokuumiza kwanza.

Usipange kuanzia siku ya kuanza. Panga kuanzia siku ya mahindi, urudi nyuma. Andika kila kazi kwenye kipande chake cha karatasi, pembeni andika inachukua wiki ngapi na inasubiri kazi gani iishe. Hilo la pili ndilo watu huruka. Kwa mradi wako itatoka karibu hivi:

Ramani na kibali cha ujenzi halmashauri, wiki 4. Msingi na kuta, wiki 5. Paa, wiki 2. Hapo umefika wiki ya 11. Kuanzia paa kazi zinagawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ni sakafu na vitako vya zege vya mashine, wiki 2, kisha zege likomae siku 28, umefika wiki ya 17. Njia ya pili ni fundi umeme kufunga waya za ndani, wiki 3, kisha maombi ya umeme wa fezi tatu, kupimwa na kuunganishwa.

Hilo la kuunganishwa usiliandikie namba moja. Linategemea umbali wa nguzo na kama transfoma ya karibu ina nafasi. Chukua makisio matatu: mambo yakienda vizuri tuseme wiki 4, kawaida wiki 8, yakienda vibaya wiki 20. Zidisha la kawaida mara nne, jumlisha na mengine mawili, gawa kwa sita. Unapata 56 gawa kwa 6, kama wiki 9 na ushee. Ukiandika 8 kwa kuwa ndiyo "kawaida" umeshajidanganya wiki moja kabla hujaanza.

Sasa hesabu: wiki 11, jumlisha 3 za waya, jumlisha 9 za kuunganishwa, umefika wiki ya 23. Kufunga mashine wiki 1, kujaribu wiki 2. Jumla wiki 26.

Maana yake njia ndefu ya mradi wako inapita kwenye umeme, si kwenye zege wala kwa fundi mashine. Zege likichelewa wiki tano, siku ya mwisho haisogei. Fomu ya umeme ikichelewa wiki moja, mradi mzima umechelewa wiki moja. Kwa hiyo muda wako wa kufuatilia upeleke huko. Na leo hii, kabla ya chochote, kaulize ofisi ya umeme kama transfoma ya mtaa wenu inabeba mzigo huo. Jibu likiwa hapana, bajeti ya milioni 7 imekufa.

Ukianza Januari mwanzoni, wiki 26 zinakufikisha Julai mwanzoni bila hata siku moja ya akiba. Na kuta zitakuwa zinapanda Februari, mvua za huku unazijua. Mtaro wa msingi unajaa maji, udongo unalainika pembeni, tofali zinaloa, lori la mchanga linanasa barabarani. Hapo wiki 5 za kuta zinakuwa 8.

Ukianza tarehe 1 Septemba, paa linakaa katikati ya Novemba, mvua ndiyo zinaanza kujikusanya. Kazi zote za ndani unafanya umejificha chini ya bati. Unamaliza Machi mwanzoni. Ongeza wiki mbili maana Desemba mafundi wanarudi makwao, hakuna atakayewazuia. Katikati ya Machi. Miezi mitatu inayobaki si ya kukaa bure: ndiyo ya kusagia watu mahindi yao ya ghalani, kufundisha vijana wa mashine, na kushughulikia leseni ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwa sababu ukaguzi unahitaji kukuta mnazalisha na sampuli inachukuliwa kwenye unga halisi.

Kuhusu hela kutotimia: jengo halihitaji milioni 60. Linahitaji hela ya jengo.

---

Mhasibu_Soweto alijibu:

Nakubaliana na Zege_Kavu, mimi niguse bajeti. Dada, samahani, ila bajeti hiyo ina matundu matatu.

La kwanza, hakuna akiba ya dharura. La pili, hakuna vibali, vifungashio, usafiri wa mashine wala mizani. La tatu ndilo kubwa: milioni 10 za mahindi. Tuseme kilo ni shilingi 700, mtaweka bei ya siku hiyo. Milioni 10 inanunua tani 14 na kidogo. Mashine ya kukoboa kilo 600 kwa saa, ikifanya saa 8, inameza kilo 4,800 kwa siku. Mtaji wenu unaisha siku ya tatu.

Na usiseme "tutauza kisha tununue tena". Maduka mengi ya Mbeya na Iringa yatataka unga kwa mkopo. Chukua tani 1 tu ya sembe kwa siku. Kwa kukoboa vizuri, kilo 100 za mahindi zinatoa kama kilo 72 za sembe, nyingine pumba. Tani 1 inataka kama kilo 1,390 za mahindi, yaani shilingi 973,000. Duka likilipa baada ya siku 21, hela iliyolala madukani ni zaidi ya milioni 20. Hamna hiyo hela. Biashara inakauka huku inauza.

Kwa hiyo miezi ya kwanza sageni kwa malipo, mwenye mahindi anakuja na gunia lake analipa taslimu. Sembe yenu anzeni na kiasi ambacho milioni 10 inaweza kukizungusha, kama kilo 400 kwa siku, na pumba uzeni taslimu siku hiyo hiyo kwa wafuga nguruwe na kuku.

Bajeti ningeipanga hivi: jengo 20, mashine 16, umeme 7, vibali na vifungashio na usafiri 2, akiba 5, mahindi 10. Jengo linapungua kwa kuondoa ofisi na baraza. Msiguse ukuta unaotenganisha stoo ya mahindi na stoo ya unga, huo wakaguzi wanauangalia. Akiba ya milioni 5 isikae kwenye simu ya mtu. Iwe akaunti ya sahihi mbili.

Malipo sasa. Fundi usimlipe kwa wiki, mlipe kwa hatua. Ufundi: msingi ukiisha asilimia 25, kuta 25, paa 25, plasta na sakafu 15, na 10 ya mwisho ni zuio, inakaa miezi sita. Ufa ukitokea, anarudi kwa sababu hela yake iko kwako. Vifaa nunua mwenyewe, vikiingia viandikwe kwenye kitabu cha stoo, na kila mfuko wa saruji unaotoka uwe na sahihi. Karakana ya mashine: 40 unapoagiza, 40 baada ya kuiona inasaga mahindi palepale karakana, 15 ikishafungwa kwako, 5 baada ya siku 30 za kazi. Karakana inayotaka asilimia 100 mwanzo, achana nayo hata bei iwe ya chini.

Kipimo kimoja cha kila mwezi, kinatosha. Usijiulize "tumetumia kiasi gani", jiulize kazi iliyokwisha ilikuwa na thamani gani kwenye bajeti. Mfano: wiki ya 9 kazi zilizokamilika zilipangiwa milioni 10, na mmetumia milioni 12.5. Gawa 10 kwa 12.5, unapata 0.8. Chukua bajeti ya jengo, 20, gawa kwa 0.8: jengo hili litaishia milioni 25 kama hakuna kitakachobadilika. Hapo bado una muda wa kukata kitu. Anayetazama salio peke yake anagundua siku ya kununua bati.

---

Uyole_Juu alijibu:

Mhasibu amesema vizuri ila hizo 0.8 zitakuwa uongo kama hujui "kazi iliyokwisha" ni nini. Fundi yeyote ukimuuliza anakwambia imebaki kidogo. Imebaki kidogo inaweza kuchukua mwezi.

Dawa: kata kazi zote ziwe vipande visivyozidi wiki moja, na kila kipande kina hali mbili tu, bado au tayari. Hakuna nusu. Lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) imemwagwa yote, tayari. Imebaki upande mmoja, bado. Sifuri. Inaonekana ukatili lakini baada ya wiki tatu mafundi wenyewe wanazoea.

Kingine, achana na programu za kompyuta. Mradi wa vipande arobaini unatosha kwenye karatasi kubwa ukutani na daftari la mistari. Safu za daftari: kazi, mwenye kazi (jina moja, si "mafundi"), inasubiri nini, tarehe, bado/tayari. Kikao kila Jumatatu asubuhi, nusu saa, mmesimama. Maswali matatu: wiki iliyopita nini kiliahidiwa kikawa bado, kwa sababu gani, na wiki hii nini kitakwama. La tatu ndilo la maana. Ukisikia mchanga utakwama Alhamisi, Jumatatu bado unaweza kufanya kitu.

Swali lako la njia ipi: zote, ila kila moja mahali pake. Zege, paa, umeme, vitako vya mashine, hivyo panga mpaka mwisho kabla hujaanza. Zege likishamwagwa ndiyo limemwagwa. Sokoni ndiko nenda kidogo kidogo. Usichapishe viroba elfu tano vya kilo 25 vyenye picha ya hindi. Hujui kama maduka yako yatataka 25, 10 au 5. Anza na viroba vitupu mia tatu vya saizi mbili, bandika lebo, angalia kipi kinarudi kuagizwa ndani ya mwezi, kisha chapisha. Na jina lipite BRELA, wanaosajili biashara, kabla ya kuchapisha, alama ya TBS isiwekwe kabla leseni haijatoka. Wajasiriamali wadogo mnaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpate barua ya utambulisho, nendeni mapema.

Akiba ya milioni 5 naona ni ndogo kidogo kwa jengo linalopanda karibu na mvua. Ningeweka 6 na kutoa 1 kwenye mahindi. Mhasibu anaweza kunipinga.

---

Mhasibu_Soweto:

Sikupingi. Ila nitoe kwenye jengo, si kwenye mahindi.

---

Stata_Delta alijibu:

Wakuu mmemaliza yote isipokuwa siku ya kuwasha, na hapo ndipo miradi ya mashine inapochomea hela. Dada, hizi chukua uzibandike ukutani.

Ukuta: msijenge upande mmoja mpaka mwisho. Acheni uwazi wa mita 2.5 mpaka mashine ziingie, ndipo mzibe na kuweka mlango. Kuna watu wanavunja ukuta mpya kwa sababu mlango ni wa sentimita 90.

Vitako: msichimbe mashimo ya bolti kwa kukisia. Karakana ikupe kipimo cha matundu ya fremu kwa maandishi, kabla ya zege. Huku baridi zege linakomaa polepole, limwagilieni maji siku 7 za kwanza na msilifungie mashine inayotikisika kabla ya siku 28.

Umeme: tuseme kinu ni mota ya 30 hp (nguvu farasi), cha kukobolea 20 hp. Jumla ni kama kilowati 37. Mota ya 30 hp ikiwa kazini inakula kama ampea 42 kila fezi, lakini ikiwashwa moja kwa moja inaruka mara sita hivi, karibu 250. Stata ya nyota-delta, kifaa cha kuwashia mota kwa hatua mbili, inashusha ruko hilo hadi kama theluthi. Kwa hiyo isikosekane, na zisiwashwe mbili kwa pamoja: washa moja, subiri itulie, ndipo ya pili. Kebo isiwe nyembamba kuokoa laki mbili. Volti zikishuka zaidi ya asilimia 5, yaani 20 kwenye 400, mota inakula ampea nyingi zaidi, inachemka na kuungua polepole, na utamlaumu aliyeiuza.

Mwelekeo: siku ya kwanza toeni mikanda, washeni mota tupu sekunde mbili, muone inazunguka upande wa mshale. Ikizunguka kinyume, badilishaneni fezi mbili. Ikizunguka kinyume na mikanda imo, kuna kitu kitalegea.

Majaribio ya kupokea, yaandikwe kwenye mkataba wa karakana. Siku mbili zinatosha. Pima kilo 500 za mahindi makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Koboa, saga kwa chekeche ya milimita 0.8, pima sembe, pima pumba, jumlisha. Ukipata 360 na 130, kilo 10 zimepotea, sawa. Zikipotea zaidi ya 15, kuna upenyo kwenye saikloni (pipa linalotenganisha unga na hewa) au mfuko, wazibe ndipo walipwe ile asilimia 15. Pima saa pia: kama waliahidi kilo 600 kwa saa, kilo 500 zisipite dakika 50. Baada ya saa mbili mfululizo gusa beringi: mkono usipovumilia sekunde tano, simamisha.

Vipuri siku hiyo hiyo: chekeche mbili, seti nzima ya nyundo (vyuma vinavyopiga mahindi ndani ya kinu), seti nzima ya mikanda. Nasema seti. Ukibadilisha nyundo moja, mzani wa rota inayozizungusha unaharibika, mashine inatetemeka mpaka bolti zinatoka. Ukibadilisha mkanda mmoja kati ya minne, mpya unabeba mzigo wote na kukatika.

Mashine isije mapema mno. Waranti nyingi zinahesabu kuanzia siku ya kupokea, na yako itakaa stoo ikisubiri umeme. Andikeni waranti ianze siku ya kusaga mara ya kwanza. Kwa ratiba ya Zege_Kavu inahitajika wiki ya 23, karakana wiki 8, safari wiki 1, kwa hiyo agizo lisipite wiki ya 14. Wiki ya 12 ni nzuri.

Na vumbi la unga linalipuka, si hadithi. Hakuna kuchomelea wala sigara mashine ikifanya kazi.

---

Binti_Lyamkena:

Ndaga fijo wakuu, ingawa mimi si Mnyakyusa. Nimekopi yote. Nitaenda kuuliza transfoma kesho.

Limebaki moja gumu. Kaka mkubwa akipita kiwanjani anamwambia fundi "hapa ongeza chumba", fundi anaongeza, mimi nakuta tofali zimeisha. Ni mkubwa wetu, ametoa fungu kubwa, siwezi kumkatalia mbele ya watu.

---

Uyole_Juu:

Usimkatalie yeye. Mfunge fundi.

Kwenye mkataba wa fundi weka mstari mmoja: kazi yoyote isiyo kwenye ramani hailipwi bila karatasi ya mabadiliko yenye sahihi mbili, yako na ya ndugu mmoja mliyemchagua. Siku ya kusaini, kaka awepo na asaini kama shahidi. Akija kiwanjani na wazo, fundi mwenyewe atasema, "Mzee, wazo zuri, naomba karatasi nisije nikadhulumiwa." Hakuna aliyemvunjia heshima.

Karatasi yenyewe iwe na mistari minne: nini kinabadilika, kinaongeza shilingi ngapi, kinaongeza siku ngapi, hela inatoka fungu gani. Chumba cha ziada, tuseme tofali 600, saruji mifuko 20, bati 8, ufundi, siku 6, fungu: akiba. Mpelekee kaka nyumbani jioni, kwa utulivu, mwambie achague: chumba, au akiba ibaki kwa ajili ya nguzo za umeme. Akichagua chumba, kiandikwe na wote watano wajue. Mawazo mengi yanakufia kwenye huo mstari wa nne.

---

Zege_Kavu:

Na zile siku 6 zijumlishwe kwenye karatasi ya ukutani siku hiyo hiyo. Chumba kikiongezwa kabla ya paa, kinasogeza paa, na paa likivuka Novemba 20 umerudi kwenye ratiba ya Januari. Kikiongezwa baada ya paa kama kibanda cha pembeni, hakigusi umeme, hakisogezi chochote. Kama kaka atakitaka kweli, mwombe akubali kije Mei.